Usiulize "ubaguzi", uliza nani anashika droo

Wadogo zangu mlioripoti kituoni wiki hii, naandika hapa ili msinisumbue mmoja mmoja. Mi nipo redioni hapa Tanga mwaka wa kumi na moja huu, na stori iliyonitoa jasho kuliko zote si rushwa, ni hii ya rangi za watu.

Siku za mwanzo nilienda baraza moja Ngamiani, kule barabara za namba, nikaamkia shikamooni wazee wangu, nikawanunulia kahawa na kashata, nikawasha rekoda nikauliza: hivi hapa Tanga kuna ubaguzi wa rangi? Kimya. Mzee mmoja akanitazama kama nimemuuliza ana wake wangapi wa siri, akasema, "Mwanangu, hapa tunaishi kwa amani, hayo Mwalimu alishayamaliza." Wote wakaitikia. Nikazima rekoda nimalizie kahawa yangu, na ile kuzima tu mzee huyohuyo akaanza kusimulia enzi za Mwingereza, Raskazone ya wazungu, wahindi na maduka yao katikati ya mji, sisi huku Ngamiani, na yeye mtoto akitumwa kupeleka samaki Raskazone lazima azungukie mlango wa jikoni, hata jina la mpishi anamtajia kila mtu pale. Dakika arobaini! Rekoda iko mfukoni imezimwa, natamani kulia.

Kwa watu wetu neno "ubaguzi" ni kama tusi, ukilitaja tu mtu anaona unamtaka amshitaki jirani yake. Kwa hiyo achaneni nalo, ulizeni vitu. Kuna dada anauza duka la vitambaa, aliniambia bosi wake mtu mzuri sana hana shida, nikamuuliza tu jioni mauzo anahesabu nani, akacheka, akasema miaka sita pale hajawahi kugusa droo ya hela, binamu wa bosi kaja Jumatatu, Jumanne kakabidhiwa funguo. Neno lenyewe hakulitaja, na mi sikulitaja.

Ila geuzeni na upande wa pili, hapa wengi mnateleza. Kuna vijana wa Kihindi wamezaliwa hapahapa na baba zao hapahapa, Kiswahili cha Tanga wanakijua kuliko mimi niliyetoka Korogwe, halafu wakigombana na bodaboda wanaambiwa rudini kwenu. Lile neno gabacholi, la kuwakejeli Wahindi, lilipata moto majukwaani mwanzoni mwa miaka ya 90, enzi za yule mwanasiasa Mchungaji Mtikila, siku hizi wanasiasa wanapita na mafumbo tu, "wazawa", "wale wenzetu". Mkisikia hivyo kwenye kampeni ulizeni palepale, wenzetu gani mheshimiwa? Atakohoa huyo.

Na mkiambiwa Mwalimu alishamaliza, mjue Mwalimu mwenyewe hakunyamaza. Kwenye kura tatu za 1958 mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, TANU, chama cha Mwalimu, wakabishana Tabora kama waingie au wasuse, wakakubali kuingia, na Zuberi Mtemvu, mwenzao aliyepinga, akatoka akaanzisha chama chake. Oktoba 1961 ukaja muswada wa uraia, kuna wabunge walitaka uraia uende kwa rangi, Mwalimu akawapinga waziwazi bungeni na kusema yuko tayari kujiuzulu. Yani yaliongelewa kwa sauti, watu wakatofautiana, na miezi miwili baadaye tukapata uhuru wetu. Leo jina lake ndo tunafungia watu midomo, inaniudhi sana hii.

Kuhusu wahariri sina mengi. Kipindi changu cha droo kiliingia studio kikiwa na dakika 12 kikatoka na 3, nikaambiwa kitachochea, na matangazo ya vitambaa yakaendelea kama kawaida. Siku hizi naingia na Katiba mkononi, ibara ya 13 nimeipigia mstari pale penye neno rangi, tubishane na hiyo kwanza. Kuna siku nashinda, kuna siku natoka na dakika zangu 3.

Rekoda ombeni ruhusa mapema, iwekeni mezani kila mtu aione, na msiizime mpaka vikombe vikusanywe. Yule mzee kafariki mwaka juzi. Jina la mpishi nimelisahau.