Kutoka Zorki kwenda DSLR: Je, lenzi zangu za zamani zitaingia?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mikindani, Mtwara. Marehemu baba aliniachia kamera ya filamu ya Zorki 4 na lenzi zake mbili, Jupiter-8 ya milimita 50 na Jupiter-12 ya milimita 35. Kwa miaka mingi nimepiga nayo picha za mashua, harusi za jamaa na msimu wa korosho, lakini siku hizi filamu naiagiza mbali na pa kuisafishia sipaoni. Nataka kuhamia kwenye DSLR iliyotumika, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani. Mtu mmoja amenionyesha pete ya kufungia lenzi zangu kwenye bodi (kamera bila lenzi) ya Nikon. Je, ninunue bodi peke yake niendelee na lenzi hizi? Na ni mambo gani nitalazimika kujifunza upya?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Naomba nianze na pete, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kukupotezea fedha kabla hujapiga hata picha moja. Usiinunue. Pete itaingia, lenzi itakaza vizuri kwenye nyuzi zake, kamera itawaka na shata itafyatuka. Lakini ukilenga mashua iliyotia nanga hapo Mikindani utaona ukungu mtupu, na hata ukiizungusha lenzi mpaka mwisho wake picha haitatulia.

Sababu ni umbali. Kila mfumo wa kamera una kipimo chake kutoka kwenye mdomo wa bodi, pale lenzi inapokaa, hadi kwenye filamu au kihisi, yaani kile kinachopokea picha badala ya filamu kwenye kamera ya kidijitali. Kwenye Zorki, ambayo asili yake ni Leica za kabla ya Vita Kuu ya Pili, kipimo hicho ni milimita 28.8. Kwenye Nikon, tangu mfumo wa F ulipotoka mwaka 1959, ni milimita 46.5, na kwenye Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, ni milimita 44. Tofauti hiyo imeletwa na kioo: ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama nyuzi 45, kinachopeleka juu taswira inayopita kwenye lenzi hadi kwenye prizimu na kisha jichoni mwako, na kioo hicho lazima kipate nafasi ya kunyanyukia unapofyatua. Zorki haina kioo, kwa hiyo lenzi yake ilitengenezwa ikae karibu kabisa na filamu. Ukiifunga kwenye Nikon inakuwa imesogea mbele karibu milimita 18 kupita inapotakiwa kukaa, na lenzi ya milimita 50 ikishasogezwa kiasi hicho huweza kuonyesha kwa ukali vitu vilivyo sentimita 20 hivi kutoka mbele yake, si zaidi. Ua la mkorosho utalipata. Uso wa bibi harusi aliyekaa mita 2 kutoka kwako hutaupata. Kwa Jupiter-12 hali ni mbaya zaidi, kwani kioo chake cha nyuma, kama unavyokiona ukiifungua, kimetokeza sana, na kinaweza kugongana na kioo cha kamera kinaponyanyuka.

Huenda aliyekuonyesha pete hakukusudia kukudanganya. Zipo lenzi za Zenit za zamani zenye nyuzi zilezile za milimita 39, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na za Zorki, lakini zenyewe zilitengenezewa kamera yenye kioo na umbali wa milimita 45.2. Lenzi ya aina hiyo ikifungwa kwenye Canon kwa pete nyembamba hufanya kazi vizuri hadi mbali kabisa. Mtu akiona hivyo mara moja, anaamini kila lenzi ya nyuzi hizo itakubali.

Kama kuachana na lenzi za baba ni jambo usiloliweza, na nalielewa sana jambo hilo, basi njia yako si DSLR bali ni kamera za kidijitali zisizo na kioo. Kwa mfano, kwenye Sony za mfumo wa E umbali ni milimita 18 tu, kwa hiyo nafasi ya kuweka adapta (pete ya kuunganishia) inabaki na Jupiter-8 itafanya kazi yake yote. Jupiter-12 uijaribu kwanza mbele ya muuzaji, kwa sababu ya ule mtokezo wa nyuma. Hata hivyo, kwa kazi unazozitaja mimi bado ningekushauri DSLR iliyotumika. Kitazamio chake ni cha vioo vitupu, jicho lililozoea Zorki halitapata taabu ya kutazama skrini ndogo juani, na betri moja ya Nikon D7200 hupiga picha zaidi ya 1000, jambo ambalo mpiga picha wa huku kusini analithamini umeme unapokatika katikati ya sherehe.

Katika kununua, chagua lenzi kwanza, kisha bodi. Wewe umezoea kuuona ulimwengu kwa pembe ya milimita 50, na pembe hiyo ndiyo mali yako kubwa kuliko kifaa chochote, kwa sababu miguu yako tayari inajua isimame wapi. Kwenye bodi yenye kihisi kidogo cha APS-C, pembe hiyo huipati kwa lenzi ya 50 bali kwa ya 35, kwani kwenye Nikon za aina hiyo urefu wa lenzi huzidishwa kwa 1.5, na 35 inakuwa kama 52. Kwenye bodi yenye kihisi kizima cha milimita 24 kwa 36, yaani sawasawa na fremu ya filamu yako, kama vile Nikon D610 au Canon 6D, 50 inabaki kuwa 50. Fedha zikitosha, chukua ya kihisi kizima, hasa kwa ajili ya kitazamio, maana kile cha Zorki 4 ni kikubwa na ukitoka hapo kwenda kwenye bodi ndogo za bei ya chini utajiona unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Jihadhari pia na bodi za Nikon za safu ya D3000 na D5000: hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za AF-D, yaani zile za Nikon zinazotegemea mota ya bodi, ambazo ndizo nyingi na nafuu kati ya zilizotumika, zitakulazimu kuzungusha kwa mkono.

Sasa nije kwenye kujifunza upya. Kwenye Zorki kila kitu ndani ya kitazamio ni kikali, mbele na nyuma, na wewe unashughulika na kile kiduara cha katikati mpaka taswira mbili ziwe moja. Kwenye DSLR unatazama kupitia lenzi yenyewe ikiwa imefunguka yote, kwa hiyo nyuma ya mhusika huonekana kumefifia hata kama picha utaipiga kwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, na siku za mwanzo utadhani waliosimama nyuma hawatatokea. Watatokea. Faida utakayoipata ni kwamba lenzi inaona kile unachokiona: hakuna tena kufunga kitazamio cha pembeni kwa ajili ya 35, wala kukata kilemba cha mtu kwa sababu kitazamio kiko juu ya lenzi. Hasara ni kwamba katika nukta ile ya kufyatua, kioo kinanyanyuka na unaona giza. Mtu aliyezoea kuona kabisa kama macho ya mhusika yalikuwa wazi au yamefumba, kama wewe, huisikitikia hasara hii kwa muda mrefu.

Fokasi ya kujiendesha itakuvuruga kama ukiiachia kamera ijiamulie. Katika menyu, hamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa dole gumba, ili kitufe cha shata kibaki na kazi moja tu ya kufyatua. Kisha tumia nukta moja ya fokasi, ile ya katikati. Hapo utarudi kwenye utaratibu wako wa zamani: unaweka fokasi, unapanga fremu, unangoja. Na ile desturi ya kuweka umbali mapema na kuacha, inayofaa sana pale wachukuzi wanapopita mbio na magunia ya korosho, bado inawezekana. Lenzi ya 35 kwenye Nikon ya kihisi kidogo, ikiwekwa mita 4 kwa f/8, hukupa ukali kuanzia kama mita 2 na nusu hadi mita 8. Tatizo ni kwamba lenzi nyingi za sasa za bei nafuu hazina mstari wa umbali juu yake, na hii ni sababu nyingine ya kutafuta zile za AF-D.

Kuhusu kelele, nikueleze yaliyonikuta. Nilipohamia kwenye kamera ya kioo nilikwenda kupiga nikahi hapa Lindi, katika msikiti mdogo, nikafyatua mfululizo wakati wa khutba. Shekhe alinyamaza, watu wakageuka, nami nikaketi chini mpaka ibada ilipokwisha, na picha ya kupeana mikono sikuipata. Tangu siku hiyo, ndani ya msikiti au chumba cha kisomo naweka kamera kwenye hali ya utulivu, ile yenye herufi Q kwenye Nikon, na napiga picha moja moja.

Jambo zito kuliko yote ni mwanga. Zorki 4 haina kipimo cha mwanga, kwa hiyo naamini unaijua kwa moyo kanuni ya jua kali: f/16 kwa kasi ya shata inayolingana na ISO (kipimo cha wepesi wa filamu au kihisi kupokea mwanga), yaani kwa ISO 100 ni f/16 na 1/125, au f/8 na 1/500. Hesabu hiyo bado ni sahihi. Kilichobadilika ni upande wa kosa. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi, na wengi wetu tulizoea kuongeza kidogo kwa usalama. Kihisi hakivumilii hivyo. Sehemu nyeupe ikishafurika hakuna kitu cha kurudisha. Chukua mfano wa asubuhi ya Idi. Mzee amevaa kanzu nyeupe, jua liko usoni mwake, na shingoni kuna darizi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wa mzee unakuwa mweusi usio na sura. Ukiipimia usoni, darizi inapotea na kanzu inakuwa karatasi. Mimi huwasha onyo la sehemu zilizofurika, ambalo hufanya weupe uliopotea uwe unapepesa kwenye skrini, napiga picha ya jaribio, kisha napunguza mpaka upepesaji uondoke kwenye darizi, na uso naunyanyua baadaye kwenye kompyuta. Ili hilo liwezekane ni lazima urekodi kwa faili za RAW, yaani picha ghafi kama kihisi kilivyoipokea. Kwenye JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza na kuibana, vivuli vilivyonyanyuliwa huchafuka haraka. Usidharau hatua hiyo ya kompyuta ukidhani ni mapambo. Ndiyo chumba chako kipya cha kusafishia picha.

Chumvi na unyevu wa pwani unavijua. Weka lenzi katika chombo kinachofunga pamoja na vipakiti vya silika, usibadilishe lenzi ufukweni upepo unapovuma, na unaponunua lenzi iliyotumika mulika tochi upande wa nyuma huku ukitazama kwa mbele: nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, uiache. Kwenye bodi, omba upige ukuta mweupe kwa f/16, na madoa ya kihisi utayaona yenyewe.

Zorki usiiuze. Maliza filamu iliyomo, kisha fungua mgongo na uitazame pazia ya kitambaa, ambayo ndiyo shata yenyewe, mbele ya dirisha. Ukiona nukta ya mwanga, hapo jua lilipita kwenye lenzi siku moja kofia ya lenzi ilipokuwa wazi na likaunguza. Ukiihifadhi, hakikisha umefyatua, ili springi zisikae zimekazwa.