Ukuta wa chumba cha eksirei: msianze na lipu

Ndugu muulizaji, nimeelewa kuwa kituo chenu cha afya hapo Kasulu kinataka kugeuza stoo kuwa chumba cha eksirei, kwamba ukuta mmoja wa tofali za kuchoma unapakana na benchi la wajawazito, na kwamba mnauliza kama lipu nene itatosha. Nawaomba msipige lipu kwanza.

Unene wa kinga haukadiriwi kwa macho. Hukokotolewa kutokana na nguvu ya mashine, idadi ya picha kwa wiki, umbali, na nani anakaa upande wa pili, ili mtu asiye mfanyakazi wa mionzi asipate zaidi ya milisiviti 1 (kipimo cha mionzi anayopata mtu) kwa mwaka. Tofali zilizoshiba, yaani zisizo na matundu ndani, huzuia mionzi vizuri. Udhaifu huwa kwenye viungo visivyojazwa saruji, matundu ya swichi na, zaidi ya yote, mlango. Katika chumba kimoja nilichosimamia, fundi alibandika bamba la risasi (metali nzito inayozuia mionzi) kwenye mlango akaacha fremu tupu, na mionzi ikapenya hapohapo.

Benchi lihamisheni leo, kwani umbali kutoka kwenye mashine ukiongezeka mara mbili mionzi hupungua hadi robo. Stendi ya picha za kifua isielekezwe kwenye ukuta huo.

Kisha mtafuteni mtaalamu wa fizikia ya tiba aandae hesabu na michoro, mviwasilishe kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kabla ya kujenga. Mashine isipige picha ya mgonjwa yeyote kabla ya ukaguzi na leseni, hata kama foleni ni ndefu.