Ada ya "mtu wa nje" chuoni Georgia: anzia kwa msajili, gavana mwache

Dada, umeuliza kama umwandikie gavana ili mwanao asitozwe ada ya "mtu wa nje", ile ya juu ya wasio wakaazi wa jimbo. Barua hiyo haitamshushia ada. Vyuo vikuu vya umma vya Georgia, Marekani, viko chini ya Bodi ya Regents. Gavana huteua wajumbe 19 wa bodi hiyo, kila mmoja kwa miaka 7, lakini hawaamuru. Kinga hiyo iliingia kwenye katiba mwaka 1943, baada ya Gavana Eugene Talmadge kufukuzisha wasomi na vyuo kupoteza ithibati. Somo ghali hilo.

Bodi hupanga ada na kanuni ya ukaazi: kuwa mkaazi wa Georgia miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Kesi ya mtu mmoja huamuliwa chuoni. Kwa hiyo apeleke kwa msajili mkataba wa pango, leseni ya udereva ya Georgia na ritani ya kodi. Wengi hukwamia kwenye tarehe: mkataba wa Oktoba hautimizi miezi 12 ifikapo Agosti. Na kama bado anakutegemea, ukaazi unaopimwa ni wako wewe mzazi. Akikataliwa, akate rufaa hadi kwa rais wa chuo, yaani mkuu wake. Hapo ndipo mwisho. Rufaa za ukaazi, kama za alama za mitihani, haziendi kwenye bodi.