Hela za korona za Canada: jibu kwa mjomba wa Mbagala

Shikamoo mjomba. Uliuliza kwenye kundi la ukoo: serikali ya Canada iliwalipa watu wakae nyumbani wakati wa korona, iweje mimi niseme sina hela ya bati za bibi? Umeuliza mbele ya watu, nami najibu mbele yao.

Tulilipwa, kweli. Machi 2020 hoteli niliyokuwa nasafisha vyumba hapa Toronto ilisimamisha kazi. Aprili 6 yakafunguliwa maombi ya msaada ulioitwa CERB, dola 2,000 za Canada kwa kila wiki nne. Siku ziligawanywa kwa mwezi wa kuzaliwa: wa Januari hadi Machi Jumatatu, wa Aprili hadi Juni Jumanne, hivyo hivyo hadi Alhamisi. Mimi wa Agosti nilipiga simu Jumatano, nikabonyeza namba kama mtu anayenunua luku, na wiki haikuisha hela zikawa benki. Hakuna barua ya mjumbe, hakuna "njoo kesho". Hapo nawapa heko.

Sasa tupige hesabu. Pango la chumba na sebule lilikuwa dola 1,500, na mwenye nyumba hakusamehe hata senti. Iliyobaki tukala, tukalipa umeme na simu. Mei wazazi tuliongezewa dola 300 kwa kila mtoto, mara moja tu. Dawa za bibi za mwezi ule zilitoka humo, muulize mama.

Baadaye ukaja msaada wa walezi: dola 500 kwa wiki kabla ya kodi, kwa mzazi aliyekosa kazi kwa sababu shule au chekechea ya mtoto wa chini ya miaka 12 imefungwa. Ni mzazi mmoja tu kwa kila nyumba. Mke wangu ndiye aliyechukua.

Ambalo hamkusikia ni kodi. CERB ilikuja nzima bila kukatwa, lakini ilihesabiwa kipato. Aprili 2021, wakati wa kujaza ritani, nikajikuta nadaiwa. Nina nafuu mimi. Wapo walioshindwa kuthibitisha kwamba awali walikuwa wameingiza walau dola 5,000, wakatakiwa kurudisha zote. Mmoja wetu hapa bado analipa kidogo kidogo. Asiye na namba halali ya kazi hakupata chochote, na wa hivyo wamo hata miongoni mwa Wabongo, ingawa hawatawaambia.

Nyie Kariakoo iliendelea kuuza na daladala zikaendelea kubeba, mradi kila abiria akae. Sisi walitulipa kwa kuwa walitufungia riziki.

Kuhusu ule ujumbe ulionitumia pembeni, wa "wakala" anayetaka elfu hamsini akusajili: CERB ilikoma 2020, na hata ilipokuwepo hakuna wa Mbagala aliyeweza kuiomba. Usimtumie, mjomba. Kama umeshatuma, piga simu kwa mtandao wako leo hii ujaribu kuzuia muamala.