Kilimanjaro ndani ya likizo ya Juni: mwalimu apange vipi

Kwa mwalimu wa Tanzania, mlango mzuri wa kupanda Kilimanjaro ni mmoja tu kwa mwaka: likizo ya Juni. Ile likizo fupi ya kuelekea Aprili inaangukia masika, njia ni tope tupu. Desemba kuna mvua za vuli zinazochelewa kuisha, na ndio msimu ambao wasahihishaji wa mitihani ya taifa wanaitwa kambini. Septemba ni kavu, ila siku hazitoshi ukijumlisha safari ya kwenda na kurudi kituoni. Hiyo itumie kupanda Meru, ambayo siku nne zinaitosha. Juni anga linafunguka. Baridi ya kileleni ni kali kweli, lakini baridi ina nguo zake. Mvua ya siku tatu mfululizo haina.

Likizo hiyo ina takriban wiki nne. Panda wiki ya pili.

Wengi hukosea hapa kwa kutaka kuondoka kesho yake baada ya kufunga shule. Mwalimu anayefunga muhula amelala saa nne nne kwa wiki mbili, koo limekauka kwa chaki na kelele, na mara nyingi ana kikohozi alichoambukizwa darasani. Kifua kilichoanza kukohoa ukiwa Moshi hakiponi mita 3,700. Tena huko juu kikohozi kinachoandamana na kuhema hata ukiwa umekaa ni dalili ya maji kwenye mapafu, kwa hiyo kiongozi akikuona hivyo atakushusha, na atakuwa sahihi. Wiki ya mwisho nayo haifai: miguu inahitaji siku nne tano kurudi katika hali yake, na shule haisubiri.

Sasa, vitu vinavyoila Juni vinajulikana: kambi ya kidato cha nne, UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) kama wewe ni mwalimu wa michezo, na ripoti zisizokwisha. Usingoje Mei kuvijadili. Kikao cha kwanza cha Januari, ratiba ya kambi inapogusiwa tu, omba vipindi vyako viwe wiki ya kwanza na ya nne, na ujitolee kitu mbadala, kwa mfano zamu ya wikiendi ya Pasaka ambayo hakuna anayeitaka. Ruhusa iwe ya maandishi, kupitia kwa mkuu wa shule. Ya mdomo husahaulika siku mgeni kutoka halmashauri anapofika na kuuliza mwalimu fulani yuko wapi.

Halafu piga hesabu ya kusahihisha. Mikondo 3 ya wanafunzi 50 ni karatasi 150. Dakika 6 kwa kila moja ni saa 15, yaani saa 3 kwa siku kwa siku tano, kama hakuna anayekukatiza. Mwombe mwalimu wa taaluma mtihani wako ukae mwanzoni mwa ratiba, hasa kama unafundisha Historia au Kiswahili penye insha. Sahihisha swali moja kwa karatasi zote kabla ya kwenda swali linalofuata. Unakwenda haraka na alama zinakuwa za haki zaidi. Maazimio ya kazi ya muhula unaofuata yaandike kabla ya kupanda. Ukishashuka, utakachotaka ni kulala.

Upande wa fedha, kati ya Januari na Mei kuna mishahara mitano. Raia hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, chini sana ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa na dai bei ya Mtanzania tangu simu ya kwanza. Omba mchanganuo wa maandishi: kiingilio, malazi, uokoaji, kiongozi, mpishi, wagumu (wabeba mizigo), chakula, usafiri wa kutoka Moshi hadi getini. Bei iliyo chini kupita kiasi kwa kawaida imekatwa kwenye posho ya wagumu au kwenye chakula. Mkiwa walimu sita au wanane, gharama ya kiongozi na gari hugawanyika vizuri. Malipo ya awali usiyatoe kabla barua ya ruhusa haijawa mkononi.

Njia tunayopendekeza kwa anayepanda mara ya kwanza ni Marangu, maana ndiyo yenye vibanda vya kulala, na hutakodi hema. Chukua siku sita, usichukue tano. Siku inayokatwa kwenye tano ni ile ya pili kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, ambapo mnatembea hadi kwenye mawe yenye mistari kama pundamilia kisha mnarudi kulala chini. Ndiyo inayozoesha damu. Bila hiyo unafika Kibo, kituo cha mwisho cha kulala, karibu mita 4,700, kichwa kikigonga, na usiku huohuo unatakiwa kupanda takriban mita 1,000 nyingine kwenye kokoto zinazoteleza hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, kabla ya kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Dawa ya acetazolamide, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inasaidia wengi, lakini ianze kwa ushauri wa daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Anayeyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka hashauriwi kupumzika. Anashushwa muda huohuo, hata kama ni saa nane za usiku.

Viatu ndipo tunapoona hasara nyingi. Buti nzuri za mtumba zinapatikana, ila ziangalie chini, si juu. Shika ncha na kisigino, kunja kwa nguvu, kisha bonyeza ukucha kwenye ile povu iliyo kati ya soli na ngozi. Ikibonyea na kurudi, sawa. Ikimeguka kama mkate mkavu, iache: povu hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na soli yote itabanduka siku ya pili njiani. Chukua kinachoacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino, kwa sababu wakati wa kushuka mguu husukumwa mbele. Anayevaa kinachombana hupoteza kucha za dole gumba. Kata kucha siku mbili kabla ya safari. Koti zito, begi la kulalia na fimbo kodi Moshi. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Zikiloa jasho hazikauki, na usiku wa kileleni hushuka chini ya nyuzi 10 hasi.

Mazoezi anza katikati ya Machi, wiki 12. Kusimama darasani kutwa nzima hakuhesabiki, hata kama miguu inauma. Jumatano jioni tembea saa moja kwa kasi. Jumamosi panda mlima wowote ulio karibu kwa saa 4, ukiwa na begi la kilo 6. Vitabu vya kiada vinatosha kulijaza. Buti zilezile za safari zivae kila Jumamosi. Malengelenge yakupate nyumbani, ujue yanatokea wapi na plasta ikae wapi.

Usiku wa kileleni betri za tochi na simu ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza. Chupa ya maji igeuze kichwa chini begini: maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Mrija wa kunywea huganda saa ya kwanza. Na bahasha ya bakshishi za wagumu iandae Moshi ukiwa na akili timamu, noti zikiwa zimeshachenjiwa. Getini siku ya sita hutakuwa na nguvu ya kuhesabu.