Anayejisomea peke yake hujisahihishia mwenyewe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama kusoma peke yake kunabadilisha namna mwanafunzi anavyofikiri. Kunabadilisha. Kunampa kina, na papo hapo kunamnyima mtu wa kumpinga.

Kina hakihitaji maneno mengi. Anayejisomea hujipangia mwendo. Akikwama nusu saa kwenye aya moja, hakuna wa kumhimiza asonge mbele. Na anayekimbilia kundi kabla hajahangaika na swali mwenyewe huondoka na majibu ya watu.

Huko kukosa mtu wa kumpinga ndiko kunakonisumbua. Mtazame mwanafunzi anayepiga msuli na daftari lake. Amefika kwenye eneo la pembetatu: nusu ya kitako mara kimo. Anaitikia kwa kichwa, hiyo anaijua, anafunua ukurasa mwingine. Kesho yake mwenzake anamuuliza, "Hiyo nusu imetoka wapi?" Anabaki kimya. Kanuni anayo, sababu hana, wala hakujua kwamba hana, maana jana hapakuwa na wa kumuuliza. Mwenzake anachora pembetatu mbili zilizo sawasawa, anageuza moja na kuiunganisha na nyingine, zinakuwa msambamba, ambao eneo lake ni kitako mara kimo. Hapo ndipo nusu inapoeleweka.

Ukisoma peke yako, wewe ndiye mtahiniwa na wewe ndiye msahihishaji, na sijaona msahihishaji mwenye huruma kuliko huyo. Jicho likishazoea ukurasa, akili hudhani imeelewa.

Tena sauti ile ya ndani inayouliza "una hakika?" haizuki yenyewe. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huanza kwa kuzungumza na wengine, kisha hujisemesha kwa sauti, na mwishowe maneno hayo huingia ndani yakawa fikra. Nikimfuata yeye, naona aliyewahi kubishana na wenzake hukaa mezani peke yake akiwa na wapinzani kadhaa kichwani. Asiyewahi hujisikia mwenyewe tu, na kila anachojisikia akisema anakikubali.

Najua kuna watakaonitajia Srinivasa Ramanujan, yule Mhindi aliyejifunza hisabati nyingi peke yake. Mfano mzuri, ila usikilizeni hadi mwisho. Kitabu alichokitegemea kilikuwa mkusanyiko wa maelfu ya kanuni zenye uthibitisho mchache, naye akazoea kuandika matokeo bila kuonyesha njia. Mwaka 1914 alifika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kufanya kazi na mwanahisabati G. H. Hardy, na ilibainika kwamba baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa hayakuwa sahihi. Kipaji chake sina ubishi nacho, lakini hata kipaji kile kilihitaji mtu wa kusema "thibitisha."

Kwa sisi wa kawaida kuna mfano wa karibu zaidi. Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi, somo la hisabati, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina wakifaulu. Akawafuata wanakosomea. Uvivu hakuukuta. Wale weusi walisoma kwa bidii, karibu wote kila mtu kivyake. Wa Kichina walifanya maswali peke yao kwanza, kisha wakakutana kulinganisha kazi. Jibu la mmoja likitofautiana na la wengine, lilijulikana palepale. Treisman alipoanzisha vipindi vya kukutana kufanya maswali magumu pamoja, matokeo ya wanafunzi weusi walioshiriki yalipanda sana.

Angalieni mpangilio wao: upweke kwanza, ubishi baadaye. Kundi la kupiga soga huku vitabu vimefunuliwa silihesabu.

Asiye na mwenza afanyeje? Afunge kitabu, aandike hatua zote kutoka kichwani, na pembeni mwa kila hatua aandike "kwa nini?" Atakaposhindwa kujibu ndipo pa kurudi kusoma, hata kama ukurasa huo ameupigia mistari ya rangi kuanzia juu hadi chini.

Msomaji wenu