Challenger ya 1970: usiiuze kwa hofu ya ile mpya

Kaka, umeuliza kama gari lako, Dodge Challenger ya 1970 kutoka Marekani, limeshuka thamani tangu Dodge walipoifufua kwa umbo lile lile mwaka 2008. Kwa hofu hiyo peke yake, usiiuze.

Gari jipya liliitangazia biashara gari la zamani. Kijana aliyeiona mpya barabarani akaipenda, leo ana kipato na anamtafuta babu wa gari hilo, yaani la 1970. Bei zilizoporomoka miaka ile ziliangushwa na msukosuko wa fedha Marekani, na tayari zilikuwa zimepaa kupita kiasi. Inapouma ni kwa Challenger ya zamani yenye injini ya kawaida: mtu anayetaka mbio tu atanunua jipya, lenye kiyoyozi na breki za kuaminika. Na hilo jipya lilikoma kutengenezwa Desemba 2023.

Kwa hiyo ujue kwanza unamiliki nini. Simama nje upande wa dereva, chungulia kioo cha mbele, usome namba ya gari kwenye bamba dogo juu ya dashibodi. Alama ya tano, ukihesabu herufi na tarakimu pamoja, ndiyo injini: G ni 318 (ukubwa kwa inchi za ujazo), injini ya kawaida, R ni Hemi 426, injini kubwa yenye nguvu sana, na hiyo ni mali nyingine kabisa. Halafu linganisha na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, maana injini nyingi zimebadilishwa.

Mwisho inua zulia la buti ukague kutu. Na tafadhali, usipake rangi upya kabla mthamini hajaiona.